Kisu Hakizidi kwa Kuhesabiwa

Kuna kauli nimeichoka. Naisikia sokoni Manundu hapa Korogwe, naisikia Handeni nikienda kusalimia wakwe, naisikia hata sebuleni kwangu: mtu mwenye akili timamu kisu kimoja kinamtosha, viwili kama ana familia kubwa, na kinachozidi hapo ni ubadhirifu au nia mbaya. Mpwa wangu aliitoa mwezi uliopita huku ameshika kifuniko cha mkebe wa biskuti ninamotunzia visu vyangu. "Mjomba, visu thelathini na kimoja? Vya nini vyote hivi? Vimezidi." Alisema kwa upole, maana ni kijana wa adabu, na kwa sababu hiyo naona nimjibu kwa kirefu. Wanaosema kama yeye ni wengi, na wamekosea mahali pa kuanzia kuhesabu.

Nianzie kwenye sinia.

Mwaka jana ndugu wa mke wangu walikuwa na shughuli ya akika, Chanika, pale Handeni. Mbuzi wawili wamefungwa chini ya mwembe, maji yapo, majani ya mgomba yametandazwa, akina mama wameshabandika masufuria. Visu vikaletwa kutoka nyumba tatu za jirani, vikapangwa juu ya sinia. Vilikuwa sita. Viwili vya mpini wa plastiki, kimoja cha mkate chenye meno, kimoja cha kukunja kilicholegea ribiti, viwili vya jikoni vya kawaida. Mzee aliyepewa kazi ya kuchinja akashika cha kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akakirudisha. Akashika cha pili. Alipofika cha sita akajifuta mkono kwenye kanzu, akasema, "Hapa hakuna kisu."

Dini imetuamuru tunoe kabla ya kuchinja ili mnyama asiteseke, na mzee yule hakuwa tayari kumsugua mbuzi shingo kama anayekata kamba kwa jiwe. Mtoto akatumwa na baiskeli kwa bwana mmoja mwenye bucha. Tukangoja karibu saa nzima, mbuzi wanalia, wageni wanaangaliana. Mimi siku hiyo sikuwa na hata kimoja mfukoni. Mke wangu alikuwa ameniomba nisiende ukweni na visu, watu wasije wakasema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kwa sababu ya mkebe wangu.

Sasa nawauliza wale wenye kauli yao: nyumba zile tatu zilikuwa na visu vingapi? Kwa hesabu yao, viwili viwili, kiasi cha mtu wa kiasi. Kwa hesabu ya mzee, sifuri. Nendeni jikoni kwenu leo, vuteni droo au inueni kile kikapu cha vijiko. Mtakuta visu vinne au vitano vilivyonunuliwa kila kimoja kuchukua nafasi ya mwenziwe aliyebutuka, na hakuna kilichotupwa wala kunolewa. Nyanya inapondwa badala ya kukatwa. Kitunguu kinateleza, kidole kinachanika. Huo ndio mrundikano, na uko kwa watu wanaojiita wa kiasi. Hawauoni kwa kuwa uliingia kimoja kimoja, kwa bei ya soda.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kukata ni kukata, kwa hiyo kisu kimoja kinafanya kazi zote. Anayesema hivi katika wilaya hizi mbili hajatazama ardhi anayoikanyaga. Mkoa wa Tanga umejengwa kwa kisu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba mnayoyaona kutoka Pangani hadi Mombo. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani karibu 230,000 za mkonge, na kila jani lililoingia kwenye mashine ya korona likasagwa kutoa singa lilikuwa limekatwa kwanza na mkono wa mtu, kwa kisu. Hakuna mashine iliyowahi kumwondoa yule mkataji. Hadi leo yupo, alfajiri, kati ya mistari.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Buha akiwa manamba, akapewa kipande chake, akabaki huku. Alitusimulia kazi ilivyokuwa: unakata kwanza mwiba wa ncha usije ukamtoboa mtu jicho, kisha unakata jani shinani kwa pigo moja, unayafunga majani 30 mzigo mmoja, unaanza mzigo mwingine. Utomvu wa mkonge una asidi; unawasha ngozi, na chuma unakila. Kisu kilichoachwa na utomvu usiku kucha kinaamka na madoa ya kutu. Kwa hiyo babu alikuwa na visu vitatu. Viwili vya shamba, kimoja kikifanya kazi kimoja kikipumzika baada ya kuoshwa na kupakwa mafuta, na cha tatu kidogo cha kukunja ambacho hakikugusa mkonge kamwe, cha muhogo, samaki na kucha. Mtu asiye na kitanda, anayelala kwenye nyumba za kambi na wenzake wanne, alikuwa na visu vitatu, na hakuna aliyemwambia vimezidi. Leo mjukuu wake mwenye shamba, jiko, mbuzi na miti ya matunda anaambiwa kimoja kinatosha.

Na mkonge ni kazi moja tu. Shukeni basi pale Segera au Michungwani mtazame vijana wanaomenya machungwa. Kisu chao wengi hukitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, kimesuguliwa mpaka kimekuwa chembamba kama unyasi, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu. Ganda la nje linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, lile jeupe linabaki, mdomo wa abiria hauchomwi na mafuta ya ganda. Jaribuni kazi hiyo kwa kisu cha kuchunia mbuzi. Wagema wa Pangani na Muheza wanayo kotama, imepinda ili ikumbate karara, na wanalipunguza kidogo kidogo asubuhi na jioni. Makali yakikwama karara linachubuka na tembo linakatika. Hakuna mgema atakayekubali umenyee ndizi kotama yake.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni kisu cha kubebeshea, kwa sababu hiki ni kisu cha kukunja hasa, cha mfukoni, na watu wanakidharau kwa udogo wake. Njia ya kwenda Mkata kuna kitalu cha michungwa cha kijana mmoja ninayemfahamu. Shina analotumia ni la limau kali, likifika unene wa penseli. Anapasua gamba alama kama herufi T, analiinua kwa ncha, anachomeka jicho alilolichukua kwenye mchungwa uliozaa vizuri, anafunga kwa nailoni. Mkato wote ni wa kucha ya kidole. Kisu kikiwa butu gamba linachanika, jicho linakauka baada ya wiki, na mteja aliyelipia miche mia anarudi kulalamika. Kisha kuna jambo la maradhi. Baadhi ya maradhi ya jamii ya michungwa yanasafiri kwenye ubapa wa kisu, kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima, ndiyo maana kijana huyu anapangusa kisu kwa spiriti kila anapohama mti, na ana visu viwili vya kubebeshea vinavyopokezana. Kimoja nilimpa mimi, kutoka mkebe ule ule. Wale wanaosema vimezidi hula machungwa yake.

Wafaransa wa kule Savoie wana kisu cha kukunja kilicho rahisi kuliko vyote, mpini wa mti na ulimi mmoja basi. Aliyekianzisha, Joseph Opinel, mwaka 1890, hakuona ukubwa mmoja unatosha. Alifika saizi kumi na mbili, namba 1 hadi 12. Alikuwa fundi wa vijijini akiwauzia wakulima na wachungaji, watu wasio na pesa ya kuchezea. Wakulima wa kila mahali wanajua kwamba kazi ndiyo inayoamua kisu, si mwenye kisu.

Hoja ya pili ni ya pesa. Wanasema visu kwenye mkebe ni pesa iliyolala. Sawa, basi tufungue masanduku yote ya nyumba, tuanze na la kanga. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliacha doti zaidi ya hamsini, nyingine hazijawahi kukatwa pindo. Hakuna mtu Tanga nzima aliyewahi kumwambia mama mwenye doti hamsini kwamba ana tatizo. Tunajua kila moja ilikujaje: hii ya harusi ya nani, hii aliitoa fulani walipopatana, hii ya msiba. Tunaelewa kwamba sanduku lile ni daftari. Visu vyangu ni daftari vilevile. Kimoja kilichongwa na mhunzi wa Handeni kutoka kwenye panga lililovunjika, na ukikigeuza ubapa kwenye mwanga chapa ya UFI bado inasomeka nusu, lile panga la kiwanda cha Ubungo lililofyeka nusu ya nchi hii. Mhunzi huyo huyo alinitengenezea kingine kwa springi ya Landrover. Nilikaa naye siku nzima: mtoto anavuta mvukuto, chuma kinageuka kutoka cheusi kwenda chekundu kama embe bivu, nyundo, moto tena, kisha kinazamishwa kwenye mafuta machafu ya gari na moshi unafunika kibanda. Mzee huyo hakurithisha kazi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita na mizani yao watanipa bei ya kilo kwa kisu hicho, bei ile ile ya bati lenye kutu, na wanaoniambia "uza" hicho ndicho wanachoniambia nifanye.

Hoja ya tatu inaumiza zaidi, na sitaipuuza. Wanasema nyumba yenye visu vingi ni nyumba ya hatari. Tumeona mapanga na sime zikitumika vibaya kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji katika nchi hii, na hofu ya watu ina sababu. Lakini mtu mwenye hasira anatumia kisu kimoja. Hajapata kuhitaji cha pili. Mmaasai au Mparakuyo anayepita mnadani na sime moja kwenye ala nyekundu hahesabiwi kuwa na visu vingi, wala mwenye jambia moja, wala kijana mwenye bisibisi iliyochongwa ncha. Hatari iko moyoni na mfukoni usiku wa manane. Visu thelathini vilivyopakwa mafuta na kuviringishwa vitambaa ndani ya mkebe juu ya kabati havitembei. Na kama tunazungumzia damu inayomwagika majumbani kila siku, ile ya vidole, muulizeni muuguzi yeyote anayefunga vidonda. Kisu butu kinadai nguvu, nguvu inateleza, na inapotua ni kwenye kiganja. Makali mazuri yanakwenda yanakotumwa.

Nimefika mahali ambapo wapinzani wangu watauliza: basi kwa maoni yako hakuna kuzidi? Mtu akusanye mpaka afe?

Kuzidi kupo. Nimekuona kwa macho yangu, na mahali pa kwanza ni mbali. Makumbusho ya Berlin yanahifadhi maelfu ya vitu vilivyotoka kwetu wakati wa utawala wa Kijerumani, mikuki, ngao, visu, vingine vikiwa nyara za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na sehemu kubwa iko ghalani, haionyeshwi. Nimeangalia picha zake kwenye simu ya binti yangu. Kuna kisu, kuna jina la eneo, pengine kuna jina la ofisa aliyekichukua. Jina la mhunzi halipo. Halipo jina la aliyekishika wala kazi aliyoifanyia. Aliyevikusanya alitaka wingi, na alipopata wingi hakuweza tena kukijua hata kimoja. Mkusanyo ule ulizidi tangu siku ya kwanza, kabla haujafika vitu ishirini.

Mahali pa pili ni kwangu. Kuna wakati, miaka kama minane iliyopita, nilikuwa nanunua kila kisu cha kukunja ambacho machinga wa stendi ya Korogwe amekitandaza. Vyekundu, vyenye msalaba mweupe, vya kuigiza vile vya Uswisi. Cha kweli kina historia ya heshima. Karl Elsener alikipatia hati mwaka 1897 na ulimi wake unashika makali. Hivi vya kuigiza chuma chake ni laini kama kijiko. Unakinoa asubuhi, chungwa la kwanza linakimaliza. Nilikuwa navyo kumi na viwili, na siku moja nilivipanga mezani nikagundua siwezi kukitofautisha kimoja na kingine, wala siwezi kusema kipi kilinunuliwa lini. Hapo nilikuwa kama yule ofisa. Nilivitoa vyote kwa mafundi wa baiskeli, wakang'oa ndimi zikawa bisibisi, na sijanunua kingine cha namna hiyo.

Tangu siku hiyo nina kipimo, na nakitetea mbele ya yeyote. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba na kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, kopo la maji, na mkanda wa ngozi niliourithi kwa kinyozi. Kila kisu kinakula kama dakika kumi. Naanza upande wa kukwaruza, nalaza ubapa kidogo, navuta kama ninayetaka kuchubua jiwe. Baada ya mivuto kadhaa ukingo mwembamba wa chuma unajikunja upande wa pili. Huuoni kwa jicho, ila ukipitisha kidole gumba kwa upole, kwa kukatiza, unausikia unakwaruza. Nageuza. Halafu upande laini, kisha ngozi. Kikinyoa malaika ya mkono bila kulazimishwa kimemaliza, nakipaka mafuta ya nazi tone moja na kukifunga. Naanza saa moja na nusu asubuhi, na visu thelathini na kimoja vinanifikisha adhuhuri. Adhana ikiniita na mkebe umekwisha, mkusanyo wangu uko sawasawa. Ikiniita kuna visu bado vinasubiri, vilivyobaki ndivyo vilivyozidi, na havina haki ya kurudi kwenye mkebe vikiwa butu. Vinatafutiwa mkono mwingine.

Mwenye nguvu za kunoa mia, awe navyo mia. Asiye na subira ya kunoa kimoja, basi hata hicho kimoja alichonacho kimezidi, na sinia la Chanika ni shahidi wangu.

Sasa niseme jambo ambalo mpwa wangu halijui bado. Mwezi huu macho yameanza kunisaliti. Ule ukingo unaojikunja ninausikia bado kwa kidole, lakini naurudia mara mbili mbili kwa kutoamini, na dakika kumi zimekuwa kumi na tatu. Jumamosi iliyopita muadhini aliposhika kipaza sauti nilikuwa nimemaliza visu ishirini na vinne. Saba vilikuwa bado juu ya gunia. Sikubishana na kipimo changu mwenyewe. Viwili jioni ile ile nilimpelekea kijana wa kitalu. Kimoja, kile cha springi ya Landrover, nimekituma Chanika kwa mzee aliyekataa visu sita, na amenipigia simu kushukuru na kuuliza kinanolewa kwa jiwe gani. Vitatu vimeenda kwa bucha ya mtaani kwa sharti kwamba nikipita niruhusiwe kuvijaribu makali.

Kimebaki cha saba, kile kidogo cha babu, cha muhogo na kucha. Kimenolewa miaka mingi mno hata ulimi umebaki mwembamba kuliko ukuti wa mnazi uliopasuliwa, na kila nikikinoa najua napunguza kitu kisichorudi. Nilikiacha juu ya kinoo nikaenda kuswali. Niliporudi mpwa wangu alikuwa amechutama pale, amekishika, kidole gumba kinapita juu ya makali taratibu, kwa kukatiza, kama alivyoniona nikifanya. Akaniuliza tunaanza na upande upi wa jiwe. Nikamsogezea kigoda.